Sura ya Saba: Bei ya Kungoja

Katika Tetu, ukishuka kuelekea mji wa Nyeri unakuta kahawa. Ukipanda kuelekea msitu wa Nyandarua unakuta majani chai. Giakanja imo humo, na karo za watoto wake zimelipwa miaka mingi kwa kalenda ya mazao hayo mawili. Bonasi ya chai ikiingia, deni la shule hupunguzwa. Kahawa ikichelewa kulipwa, mtoto hukaa nyumbani juma moja au mawili. Watu wa hapa hawahitaji kufundishwa hesabu. Wanajua mche wa kahawa hauzai mwaka ule ule unaopandwa, na wanajua takriban ni miaka mingapi watapalilia bure. Digrii imewachanganya kwa sababu ni zao ambalo hakuna anayewaambia linaiva lini.

Sura hii inahusu digrii moja, ile ya afya ya umma. Nimeichagua kwa kuwa mzazi akisikia mwanawe ameitwa chuoni kusomea fani ya afya, huhesabu kazi imeshapatikana. Kwa muuguzi hesabu hiyo ina ukweli kiasi: akikosa nafasi hospitali ya kaunti, kuna hospitali za misheni kama Mathari na Tumutumu, kuna kliniki binafsi, na tangu mkataba wa Kenya na Uingereza wa 2021 kuna hata njia rasmi ya kwenda ng'ambo. Bwana afya, yaani afisa wa afya ya umma, hana milango mingi hivyo. Kwa nini hana, tutaona. Kwanza deni.

Serikali ilianza kuwakopesha wanafunzi wa chuo kikuu mwaka 1974, na kwa miaka ishirini hivi mkopo huo ulichukuliwa kama zawadi, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuufuatilia kwa bidii. Mwaka 1995 Bunge liliunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ambayo wananchi wameigeuza kuwa neno la kila siku: mtu "ana Helb" kama vile mtu ana pikipiki. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka. Hakuna benki wala sacco itakayokupa pesa kwa bei hiyo, na kama habari ingeishia hapo, sura hii isingekuwa na kazi.

Mpaka 2023 deni lenyewe lilikuwa dogo. Serikali ilibeba sehemu kubwa ya gharama ya masomo, mwanafunzi wa kawaida wa chuo cha umma akidaiwa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, na HELB ikimpa kati ya 37,000 na 60,000. Aliyepokea wastani wa 45,000 kwa miaka minne alitoka na deni la 180,000, bei ya ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa.

Mei 2023 Rais Ruto alitangaza utaratibu mpya. Kila kozi ikapewa bei yake halisi, familia zikapangwa kwa vipato, na gharama ikagawanywa sehemu tatu: ufadhili usiolipwa, mkopo, na mchango wa nyumbani. Mwaka uliofuata makundi yakawa matano. La kwanza, la maskini kabisa, hupata ufadhili wa asilimia 70, mkopo wa 25, na nyumbani hutoa 5. La tatu, ambako nadhani familia nyingi za Giakanja zenye mwalimu mmoja au ekari mbili za chai huangukia, hupata ufadhili wa asilimia 50, mkopo 30, nyumbani 20. La tano hupata ufadhili 30, mkopo 30, nyumbani 40. Juu ya hayo kuna pesa za kujikimu, kuanzia 60,000 kwa mwaka kwa kundi la kwanza hadi 40,000 kwa la tano. Pesa hizi za kujikimu ni mkopo pia, na hapo ndipo wazazi wengi hupotea. Wanafunzi huzila chakula na kulipia chumba kama posho, ilhali zinaandikwa kwenye daftari.

Tuhesabu. Bei ya kozi hii hutofautiana chuo na chuo, kwa hiyo nitachukua 200,000 kwa mwaka ili hesabu iwe nyepesi. Msomaji aweke ya chuo chake. Mtoto wa kundi la tatu atakopa 60,000 za karo na 50,000 za kujikimu, jumla 110,000. Kwa miaka minne ni 440,000, na nyumbani watakuwa wametoa 160,000 taslimu. Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kwa kundi la kwanza: 50,000 za karo na 60,000 za kujikimu. Jumla ni 110,000 vilevile. Wa kundi la tano? Analimbikiza 100,000 tu kwa mwaka. Utaratibu uliosifiwa kwamba unambeba maskini unamtoa maskini chuoni na deni kubwa kuliko la tajiri. Kwa kweli unambeba nyumbani, kwa kupunguza mchango wa mzazi. Mtoto mwenyewe haumbebi.

Desemba 2024 Mahakama Kuu iliubatilisha utaratibu huu kwa kukiuka Katiba, Mahakama ya Rufani ikasimamisha hukumu hiyo mwaka uliofuata, na 2025 serikali ikatangaza kupunguza ada za vyuo vya umma. Kwa hiyo tarakimu zinasogea. Umbo la deni halijasogea.

Mshahara je? Tuseme mhitimu ameajiriwa na kaunti na jumla yake, pamoja na marupurupu, ni 50,000. Nimechagua tarakimu ya mviringo makusudi, kwa kuwa gredi na marupurupu hutofautiana kati ya kaunti na kaunti. Bima ya afya inachukua asilimia 2.75, yaani 1,375. Tozo ya nyumba asilimia 1.5, yaani 750. Akiba ya uzeeni, NSSF, 3,000. Kodi ya mapato, baada ya nafuu, kama 5,850. Anabaki na 39,000 na chenji. Deni la 440,000 likilipwa kwa miaka kumi kwa riba ya asilimia 4 ni kama 4,450 kwa mwezi. Mkononi zimebaki 34,500.

Si pesa za kujengea ghorofa mjini Nyeri, lakini pia si janga. Anayelipa 4,450 kutoka kwenye 39,000 analala usingizi. Ndiyo maana nasema wanaolinganisha deni na mshahara, na kumaliza hapo, wanapima vitu viwili ambavyo havikuwahi kugombana. Digrii hii ingekuwa nafuu kabisa kama mshahara ungeanza mwezi unaofuata mahafali.

Hauanzi. HELB humpa mhitimu mwaka mmoja baada ya masomo. Mwaka huo ukipita, kila mwezi asiolipa una faini ya shilingi 5,000. Weka faini hiyo kando ya riba. Riba ya 440,000 kwa mwaka mzima ni 17,600. Faini ya mwaka mzima ni 60,000. Watu hulalamikia riba kwa mazoea, wakati kinachowaumiza ni adhabu, na adhabu hiyo haitofautishi sana kati ya anayekimbia deni akiwa na mshahara na anayesaga lami Nyeri, Karatina na Nanyuki na bahasha ya vyeti. Kwa mwendo huo, deni la 440,000 linafika mara mbili yake katika muda wa miaka mitano na miezi minane baada ya mwaka ule wa nafuu kwisha.

Lisizidi hapo, angalau. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba HELB nayo inafungwa na kanuni inayozifunga benki: riba na faini zikijumlishwa zisipite kiasi cha mkopo wenyewe. Mhitimu anayedaiwa mara tatu ya alichokopa ana haki ya kuuliza kwa nini. Bodi yenyewe pia imetangaza mara kadhaa msamaha wa faini kwa anayelipa deni lote kwa mkupuo, jambo zuri kwa mwenye mkupuo. Asiye nao jina lake hupelekwa CRB, shirika linaloweka kumbukumbu za wakopaji, na wadhamini aliowaandika kwenye fomu, mara nyingi mzazi au mjomba, huanza kuulizwa.

Kuna nchi zilizokataa mtindo huu tangu mwanzo. Australia ilipoanza kuwakopesha wanafunzi mwaka 1989, iliamua kwamba deni halidaiwi mpaka kipato cha mhitimu kivuke kiwango fulani. Asiye na kazi hana anachokosea. Tanzania haikufika huko: tangu 2016 mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, mkato mchungu kuliko wetu. Hata hivyo, siku ya Mei Mosi 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufutwa kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, tozo iliyokuwa ikiwanenepeshea deni watu ambao hawajawahi kushika hati ya mshahara. Dar es Salaam mwenye kazi hukamuliwa zaidi. Kwetu hukamuliwa zaidi asiye nayo.

Sasa kwa nini bwana afya angoje? Tazama kazi yake ni nini. Anakagua hoteli na bucha, anaangalia vyeti vya afya vya wanaopika na kuandaa chakula, anachukua sampuli za maji, anaidhinisha choo cha shule, anafuatilia kipindupindu nyumba hadi nyumba, anafunga baa inayouza sumu. Nguvu ya kufanya hayo haitoki kwenye digrii. Inatoka kwenye Sheria ya Afya ya Umma, sheria ya tangu 1921, ambayo inaikabidhi serikali. Daktari anaweza kufungua kliniki Giakanja na mwenye famasi akafungua duka la dawa ng'ambo ya barabara, lakini hakuna mtu wa kujitegemea anayeweza kuingia kwenye bucha ya mwenzake na kuweka kufuli. Tangu ugatuzi wa 2013 mwajiri mkuu wa kazi hii ni mmoja kwa kila kaunti, na anaajiri anapokuwa na bajeti. Sheria ya mwaka huo huo iliunda Baraza la Maafisa na Mafundi wa Afya ya Umma, linalosajili na kutoa leseni. Leseni ni lazima uwe nayo, na unaweza kuwa nayo miaka mitano bila kuajiriwa.

Nasema mwajiri mkuu kwa kuwa palikuwa na wa pili. Miradi ya ukimwi, kifua kikuu na malaria iliyolipiwa na wafadhili ilichukua wahitimu wengi wa afya ya umma: wa takwimu, wa ufuatiliaji, wa uhamasishaji. Wengi walipata humo mishahara ambayo kaunti isingewapa. Januari 2025 Rais Trump alisimamisha misaada ya Marekani kwa nchi za nje, na katika muda wa wiki chache maelfu ya wafanyakazi wa afya nchini Kenya walipewa likizo isiyo na malipo au barua ya kwaheri. Hawakupotea hewani. Wamerudi kwenye foleni ile ile anayosimama mhitimu mpya, isipokuwa wao wana uzoefu wa miaka minane.

Nyeri inatoa mfano unaokera zaidi. Desemba 2018 serikali ilizindua majaribio ya afya kwa wote katika kaunti nne: Kisumu, Isiolo, Machakos na Nyeri. Nyeri ilichaguliwa kwa sababu ya kisukari, shinikizo la damu na magonjwa mengine yasiyoambukiza, ambayo yameota mizizi hapa. Hayo ni magonjwa ya bwana afya kuliko ya mtu mwingine yeyote, kwa kuwa mengi huzuiwa jikoni na shambani kabla hayajafika wodini. Ukitaka kaunti moja nchini ambayo ingepaswa kuwagombania wahitimu hawa, ni hii. Lakini matibabu yalipokuwa bure watu walijaa hospitalini, na hospitali iliyojaa hula bajeti yote. Kinga hungoja. Haina foleni ya kupiga picha.

Baadaye, mwaka 2020, serikali kuu iliajiri maelfu ya wahudumu wa afya kwa mikataba ya miaka mitatu chini ya mpango huo wa afya kwa wote. Mikataba ikaisha, ikaongezwa, ikaisha tena. Mwaka 2025 watu hao walikuwa wakikesha nje ya Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya jijini Nairobi, wakidai ajira ya kudumu na mshahara sawa na wenzao wanaofanya kazi ile ile. Na Septemba 2023 walizinduliwa wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, wenye mikoba, wanaopita nyumba kwa nyumba kupima sukari na shinikizo, kwa posho ya 5,000 kwa mwezi inayogawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Sina neno baya juu yao. Wengine ni mama zetu, na wanafanya kazi kubwa kuliko posho yao. Ila mzazi aone serikali imechagua nini: ilipotaka kinga vijijini, ilinunua ya bei rahisi zaidi.

Turudi kwenye hesabu, tukiweka kungoja ndani yake. Mhitimu wetu anapata kazi miaka minne kamili baada ya kumaliza. Mwaka mmoja hana faini, mitatu anayo. Faini 180,000, riba ya miaka hiyo mitatu karibu 53,000, na deni limekuwa kama 673,000. Kwa miaka kumi atalipa 6,800 kwa mwezi badala ya 4,450. Inauma, bado inalipika. Upande wa pili kuna kile ambacho hakuna barua ya HELB inayokitaja: miezi 48 ya shilingi 39,000 ambazo hakuzipata. Hizo ni 1,872,000, zaidi ya mara nne ya mkopo wote. Zile 440,000 zilizomnyima mzazi usingizi ndizo ndogo kwenye ukurasa huu.

Ndiyo maana swali la Giakanja lisiwe "atadaiwa kiasi gani?" wala "atalipwa kiasi gani?" bali "atangoja miaka mingapi, na atangojea wapi?" Majibu yake yanapatikana. Waulize waliomaliza kozi hiyo hiyo, chuo hicho hicho, miaka mitatu iliyopita, wako wapi. Wachache watakuwa kaunti. Wengine watakuwa wanauza simu. Marekani ina tovuti ya serikali inayoonyesha, kozi kwa kozi na chuo kwa chuo, wahitimu walitoka na deni kiasi gani na wanapata nini. Mzazi wa Tetu atalazimika kuikusanya takwimu hiyo mwenyewe, kanisani na kwenye matanga, na si kazi ngumu kama anavyodhani. Aulize pia kama kozi hiyo imeidhinishwa na Baraza. Ziko digrii zenye majina yanayofanana, za afya ya jamii na maendeleo na mengineyo, na anayegundua baada ya mahafali kwamba hawezi kusajiliwa hana foleni hata ya kungojea.

Halafu kuna njia ambayo wazazi huidharau, stashahada ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba chenye kampasi mjini Nyeri. Inahitaji wastani wa C, wakati digrii inahitaji C+. Ni miaka mitatu. Mikopo ipo: Mfuko wa Afya Elimu, ulioanzishwa 2013 kwa msaada wa Marekani na kusimamiwa na HELB, uliwekwa mahsusi kwa wanafunzi wa vyuo vya afya vya kiwango hiki. Mwenye stashahada huanzia gredi ya chini na mshahara mdogo, hilo siwezi kulificha. Lakini anaanza kungoja mwaka mmoja mapema, akiwa na deni dogo, na kaunti yenye bajeti finyu ina sababu ya kumtazama yeye kwanza. Maafisa wengi wakubwa wa idara hii walipitia hapo: stashahada, kazi, kisha digrii ya wikendi iliyolipwa na mshahara wao wenyewe. Mtoto aliyepata C+ ataona ni kushushwa hadhi. Nikiwa mzazi ningevumilia manung'uniko hayo.

Kuhusu vyuo binafsi nitakuwa mfupi. Utaratibu wa 2023 hauwapi wanafunzi wa vyuo hivyo ufadhili wa serikali. Mkopo wanaweza kuomba, sehemu iliyobaki ni ya nyumbani. Kuuza kipande cha shamba Tetu ili kulipia digrii ya afya ya umma kwa bei kamili, kwa soko lenye mwajiri mkuu mmoja, ni hesabu ambayo sijaweza kuifanya ikubali, hata nikimpa mhitimu kazi mwaka wa pili.

Aliyekwisha kuingia chuoni afanye nini? Asingojee mlangoni pa kaunti peke yake. Viwanda vya chai, maghala, hoteli za watalii kuelekea Nanyuki na miradi ya ujenzi vyote vinahitaji mtu wa usalama kazini au usalama wa chakula, na somo hilo tayari yuko nalo nusu. Wahitimu kadhaa wamepata cheti cha ziada cha usalama na kwenda Qatar na Saudia kusimamia maeneo ya ujenzi, kwa mshahara ambao kaunti haiufikii. Na ajue kwamba tangu marekebisho ya sheria ya ajira ya 2022, mwajiri hana ruhusa ya kumdai cheti cha HELB wakati anaomba kazi. Anaweza kukitaka pale tu anapokusudia kumpa mkataba. Matangazo mengine bado huandika vingine. Atume maombi hivyo hivyo.